Nyuma ya Kota Weka Majani

Jumapili, 3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumai barua inakukuta mzima, mgongo umetulia, na shangazi naye hajambo. Mimi mzima wa mwili, ila roho inanichafuka kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, nikifungua tu mlango wa karakana. Ningekupigia simu, lakini ya nini? Mara ya mwisho nilisema "baba, nimepata kazi," ukajibu "pole sana, umempeleka hospitali?" Kwa hiyo kalamu.

Nimepata kazi, baba! Kazi kweli! Unakumbuka ulivyokuwa unanifokea nikikata maboksi ya viatu nitengeneze nyumba? Sasa nalipwa kwa ujinga ule ule. Shirika la reli, hilo hilo lako, linafungua ukumbi wa maonyesho. Katikati kutakuwa na meza kubwa kama chumba, na juu yake reli ndogo, treni ndogo zinazotembea zenyewe, na stesheni zote za zamani. Mtu mzima ana urefu wa ukucha wa dole gumba. Majengo yote ni karatasi na kadi ngumu, na mkataji ni mimi hapa.

Sasa kinyaa. Bosi wangu tunamwita Mzee Gundi. Ana mikono ya dhahabu na mdomo wa jalala. Analamba brashi! Anachovya rangi, analamba ncha ichongoke, anachovya tena. Jana ulimi wake ulikuwa kijani, leo kahawia. Kisu cha kukatia kadi ndicho anachochokolea meno, kisha anakifuta kwenye suruali na kunipa: "Shika, binti, kina makali." Gundi anaipika mwenyewe kwa unga, inakaa wiki nzima kwenye ndoo mpaka inaota manyoya. Manyoya, baba! Anayaengua pembeni kama mtu anayeondoa ngozi ya maziwa, halafu huyo, anaendelea kupaka.

Hayo navumilia. Kisichovumilika ni karatasi yake ya matofali. Anainunua imeshachapwa, inang'aa kama uso uliopakwa mafuta kwenda kupiga picha. Matofali yote rangi moja, hakuna lililomeguka wala lililopigwa na moshi. Na makubwa! Kazi yetu ni moja kwa themanini na saba, yaani tofali linatakiwa liwe dogo kuliko punje ya mchele. Nikapima ya kwake. Kwa ukubwa wa kweli kila tofali lingekuwa refu kama mkono wangu mzima. Nikamuuliza, "Mzee, stesheni hii walijenga majitu?" Akasema, "Mteja anataka king'ae." Nikatamani kutapika kwenye ndoo, nisingeharibu kitu.

Basi natengeneza yangu. Nachukua karatasi nene ya wachoraji wa rangi za maji, ile ukiipapasa ina vinyweleo. Nagandamiza mistari ya matofali kwa kalamu iliyoisha wino, nasugua vumbi la penseli, naparuza hapa, nachafua pale. Ukiitazama kwa jicho moja unajisikia kuegemea. Msingi wa mawe nachana trei ya mayai. Jukwaa la abiria ni msasa. Hakuna aliyenifundisha, nimejaribu tu mpaka ikakubali.

Na sikia hili, kaa chini kwanza. Nimepewa stesheni yako! Ile ya mwisho, tuliyohama nikiwa na miaka minne! Nilipoona jina kwenye faili nilipiga kelele mpaka Mzee Gundi akajikata. Lakini picha ni chache na mchoro umechoka. Niandikie kila kitu. Ukuta rangi gani, paa, madirisha mangapi. Na nyuma ya kota za wafanyakazi kulikuwa na nini? Mchoro umeacha peupe.

Binti yako


Jumanne, 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mgongo uko pale pale ulipouacha, masikio ndiyo yamezidi kustaafu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mpaka shangazi yako akatoka jikoni akidhani nagombana na mtu.

Nimefurahi. Sitasema zaidi, utavimba kichwa.

Andika haya. Jengo la stesheni lilipigwa lipu, matofali yalionekana kwenye bohari la mizigo tu. Rangi ya maziwa juu, kahawia chini mpaka kiunoni, kwa sababu abiria akisubiri lazima aegemee na lazima akanyage ukuta. Kwa hiyo, hiyo kahawia yako usiifanye safi. Madirisha manne upande wa reli. La tiketi lina nondo tano na ya katikati imepinda, kuna abiria aliingiza kichwa ahakikishe kama kweli nimelala, kikakwama. Tulikipaka sabuni. Na sikuwa nimelala.

Paa la mabati, mawili ya upande wa mashariki mapya kuliko mengine. Kengele ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Saa ya ukutani ilikwenda mbele dakika mbili kwa amri yangu, ili wanaochelewa wawahi.

Kota zilikuwa safu moja, vyumba sita, milango ya buluu. Chetu cha kwanza, karibu na reli. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa jukwaani, sare nyeupe, kiatu kinang'aa. Hilo huwezi kulikata kwa karatasi, lakini ulijue.

Nyuma ya kota hapakuwa na kitu. Weka majani.

Baba yako


Jumamosi, 2 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo tena na tena. Nisalimie shangazi. Mimi mzima, kidole kimoja kina plasta, cha pili kinaisubiri.

Stesheni imesimama! Nondo tano ni nyuzi za brashi, nimezipanga kwa kibano bila kupumua, na ya katikati nimeipinda. Mzee Gundi akasema, "Umeharibu moja." Nikamwambia, "Hapo pana historia ya kichwa cha mtu." Mabati nimeyapata kwa kugandamiza karatasi nyembamba juu ya kitana, mistari inatoka yenyewe. Mawili ya mashariki nimeyaacha yang'ae kidogo.

Bohari ndilo lililoniliza. Iko hivi. Ukibandika karatasi upande mmoja wa kadi, gundi ikikauka inavuta, kadi inajikunja. Dawa yake unabandika nyingine upande wa ndani, zivutane zitulie. Kila mtu anajua. Mimi nimejua peke yangu, kwa hiyo kila mtu anaweza kujua! Mzee Gundi akakataa. "Ndani nani ataona? Usimalize karatasi." Asubuhi nimekuta bohari limejikunja kama jani kavu, kuta zimeachana pembeni, na ile gundi yake imetoka kwenye nyufa kama usaha. Nimelinusa. Sijui kwa nini nililinusa, baba, mtu mwingine angejua asinuse.

Halafu mteja akaja kukagua. Mtu wa shirika, tai imemkaba mpaka shingo inamwagikia juu, tunamwita Bwana Tai. Anatafuna huku anaongea. Akapenga kamasi, akakunja kitambaa vizuri kabisa, kisha kwa kidole hicho hicho akapapasa ukuta wako, kule chini kwenye kahawia. "Huu mbona mchafu?" Nikasema, "Abiria walikuwa wanakanyaga." Akasema, "Abiria wetu hawakanyagi kuta." Akaondoka na chembe ya rangi yangu kwenye kucha, na mimi nikaachiwa ukuta wenye sijui nini yake.

Sasa swali. Majani niliyaweka kama ulivyosema. Lakini leo kwenye faili nimepata picha iliyopigwa kutoka juu ya tangi la maji. Nyuma ya kota kuna kibanda cha mawe, hakina mlango, paa bati moja. Chini yake kidogo kuna kisima chenye gurudumu la kamba. Kibanda hicho nini? Nimekipima, kwenye meza yangu kitakuwa nusu ya kiberiti. Nakitaka! Vitu vidogo vya hovyo ndivyo vinavyofanya jengo liaminike.

Binti yako


Alhamisi, 14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama.

Hicho ni kibanda cha kuku. Kilibomolewa zamani. Usijichoshe na vitu vya kuku, shughulika na stesheni. Mtu wa shirika akisema ukuta uwe msafi, ufanye msafi, ndiye mwenye kazi.

Nyuma ya kota weka majani kama nilivyokuambia.

Baba yako


Jumamosi, 23 Machi

Barua zote nimeanza kwa salamu. Hii sikusalimii.

Kuku? Kuku wana choo siku hizi?

Bwana Tai ameleta faili la pili, la vipimo, hakulifungua hata, kwake karatasi ni za kubeba tu. Mimi nimelifungua. Ndani kuna fomu za ukaguzi wa kila mwezi. Nilikuwa natafuta urefu wa jukwaa. Nikakuta tarehe 11 Aprili, mwaka ule. Mwandiko nauona kwenye barua zako, siwezi kuukosea, ile herufi ya kwanza inayojifunga kama mtu anayefunga mkanda. Choo cha kota: safi. Kisima: safi. Saini yako, na mhuri umegongwa katikati kabisa, sawasawa, haukuyumba.

Chini yake kuna karatasi ya bwana afya, tarehe 28, siku kumi na saba baadaye. Nimeinakili neno kwa neno: "Choo cha kota kimefurika kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Kimechimbwa juu ya kisima, umbali wa hatua kumi na moja, na maji machafu yanateremkia humo. Watu wanne wa kota wamefariki kwa kuhara. Kibomolewe. Kisima kifukiwe."

Mama alifariki tarehe 19 Aprili. Ulisema homa. Shangazi alisema homa. Nimekua nikiandika homa kwenye kila fomu ya shule iliyouliza.

Nilikimbilia nje nikatapika kweli, siyo kwa maneno. Mzee Gundi akaniletea maji kwenye kikombe cha kuoshea brashi. Nikanywa. Ndivyo nilivyokuwa.

Uliandika safi. Na mimi ukaniambia niweke majani. Nimeyabandika kwa mikono yangu, nimeyachana manyoya yake yasimame vizuri, juu ya hicho kitu. Umenifanya nikusaidie kukifunika! Mikono naiosha haitoki.

Sitaki salamu, sitaki mgongo wako umeamkaje. Nataka jambo moja. Ulikwenda kutazama kabla ya kusaini, au hukwenda?

Mkata karatasi


Jumatatu, 6 Mei

Mwanangu,

Sijui kama unataka nikusalimie, kwa hiyo nimekusalimia moyoni, naendelea.

Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua nne nikazichana. Zote zilikuwa zinaeleza kazi ya stesheni masta ilivyo nzito. Shangazi yako ameokota vipande, amesoma, na tangu hapo chakula changu anakiweka mezani bila neno.

Sikwenda kutazama.

Nikueleze ilivyokuwa. Choo cha ofisi kilikuwa ndani ya jengo la stesheni na ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Cha kota kilikuwa cha wafanyakazi na familia zao. Kilichimbwa juu ya kisima kwa sababu upande wa chini kuna mwamba, na waliochimba walitaka kumaliza waende. Kila mtu alijua. Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, kikajaa. Wanawake wa kota walikuja ofisini, mama yako yuko mbele, wakaniambia kinatapika. Nikasema nitaandika.

Mkaguzi alikuja kwa toroli la reli, hakushuka hata. "Stesheni masta, huko nyuma vipi?" Mimi huko nyuma nilikuwa sijakanyaga miezi mitatu. Hatua themanini kutoka kiti changu, mwanangu. Sikuwa na kazi nyingi, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naona kinyaa. Nilikuwa na sare nyeupe na viatu nilivyopiga rangi mwenyewe, na kule kulikuwa na inzi na ile harufu. Nikaandika neno moja kwenye mistari miwili, nikasaini, mkaguzi akaenda zake.

Na hili hukuliuliza, lakini lipo. Tangi la maji la kota lilipasuka mwezi wa kwanza, ndiyo maana wakarudi kisimani. Tangi la ofisi lilikuwa zima. Mimi nilikunywa la ofisi. Kanuni ilisema maji ya ofisi hayatoki ofisini, na mimi nilikuwa mtu wa kanuni. Mama yako aliniomba ndoo moja tu kwa ajili yako. Hiyo nilikupa, kwa siri. Kwa ajili yake mwenyewe hakuomba.

Alianza kuumwa tarehe 14. Aliona haya mbele yangu. Alisema, "Toka, utachafuka." Nikatoka. Hapo ndipo huwa nafika nikashindwa kupita. Aliniambia nitoke, nikatoka kweli. Shangazi yako alisafiri siku nzima akaja kumwosha, mimi nimesimama jukwaani napokea treni.

Nilikuambia homa kwa sababu homa ni ugonjwa msafi.

Vipimo unavyotaka: upana hatua tatu, kina hatua mbili. Mawe ya mtoni, udongo katikati. Mashimo mawili, ukuta mfupi katikati unaofika begani. Bati moja, lina tundu pembe ya kushoto. Mlango ulikuwepo, uliungua, ukawekwa gunia, gunia likaoza. Njia ya kwenda kisimani ilipita mbele yake, inateremka. Kisima kilijengewa mzunguko wa matofali safu nne. Mti hakuna. Majani hakuna. Paliota matope tu.

Baba yako


Jumatatu, 20 Mei

Baba,

Naandika neno hilo kwa sababu sina jingine la kukuitia. Hujambo. Siulizi, nasema tu.

Barua yako nimeisoma karakana, nimesimama, kisu mkononi. Ile ndoo moja uliyonipa mimi, sijui niifanye nini. Kila nikinywa maji naiona. Ningependa ungekuwa mbaya moja kwa moja, ningepumzika.

Nimekijenga. Kwanza nimeng'oa majani, yametoka na ngozi ya meza. Mawe ni trei ya mayai, nimechana vipande vidogo kuliko kichwa cha njiti, nikavipanga kimoja kimoja kwa kibano, siku tatu. Kadi nimeibandika karatasi nje na ndani, kisijikunje, sikumwomba mtu ruhusa. Kingo za kadi ukikata zinabaki nyeupe, zinachungulia kama meno, nimezipaka penseli zote hata zisizoonekana. Bati lina tundu pembe ya kushoto. Gunia ni uzi wa bandeji. Na ule uchafu unaoteremka kwenye njia nimeutengeneza kwa majani ya chai yaliyotumika na gundi ya Mzee Gundi yenye manyoya. Mara ya kwanza ile gundi kufanya kazi inayoistahili. Ilinuka. Niliipaka huku nimeziba pua na machozi yananitoka, na nilikuwa naipaka vizuri, baba, nilikuwa nasikia raha ya kazi, na hiyo raha nayo ikanitia kinyaa.

Halafu nikapanda juu ya kiti, nikatazama kwa juu.

Unajua ni nini? Kutoka juu ni upuuzi mtupu! Choo, njia, kisima. Zile hatua kumi na moja za bwana afya kwenye meza yangu ni upana wa kiganja. Mtoto wa darasa la kwanza angenyoosha kidole: "Mbona hiki kinamwagikia kile?" Nyie wote mlikuwa mnatazama kutoka pembeni, kutoka kwenye toroli, kutoka dirishani, kila mtu na kona yake. Lakini mama aliona, na yeye hakuwa na kiti cha kupanda. Aliona kwa sababu alikuwa anapita hapo na ndoo.

Ijumaa Bwana Tai akaja. Akainama.

"Hii nini?"

"Choo."

"Cha nani?"

"Cha kota. Ndicho kilichoua watu wanne. Kipo kwenye faili uliloleta mwenyewe."

Akacheka, kipande cha alichokuwa anatafuna kikarukia jukwaani. "Binti, watu watakuja hapa na watoto wao. Wanataka kuona treni."

"Treni ipo."

"Mzee," akamwambia bosi, hakunigeukia tena, "toa uchafu huu."

Mzee Gundi alichukua kibano. Hakunitazama. Alikitoa taratibu, kama anavyong'oa jino mtu anayejua, akakata kipande cha ile karatasi ya majani yenye manyoya ya kijani, akabandika. Dakika tano. Bwana Tai akapiga makofi mawili, "Umeona? Pazuri!" Pamekuwa pazuri kweli, ndilo linalonichefua.

Ukumbi unafunguliwa Jumamosi, tarehe 15 Juni, saa nne asubuhi. Wastaafu wa reli wanaruhusiwa kuingia. Mimi siwezi kusema kitu, nilikuwa na miaka minne, nitaonekana binti mwenye kelele na choo chake. Saini ni yako. Njoo uiseme. Usiponijibu kwa barua sitashangaa. Usipokuja, usiniandikie tena, hata nikiolewa, hata nikiumwa.

Mkata karatasi


Jumatatu, 17 Juni

Baba,

Shikamoo. Najua ulifika salama, shangazi amenipigia. Anasema hukuvua koti mpaka jioni, na ukiulizwa ilikuwaje unasema "nadhani hawakunisikia."

Walikusikia. Wewe ndiye hukuwasikia wao. Kwa hiyo nakueleza yaliyokupita.

Nilikuwa nyuma, karibu na meza ya keki. Nilishakata tamaa, nilikuwa nimejiambia nitasubiri mpaka saa nne na nusu. Nikaona lile koti lako mlangoni. Bwana Tai alipojua wewe ni nani akafurahi mpaka akakushika bega, akaita watu: "Jamani, tunaye hapa stesheni masta mwenyewe! Mzee, hebu tuambie, tumepatia?" Ulimwelewa au ulifuata kidole chake tu, sijui. Uliinama mezani muda mrefu. Kuna mtu nyuma yangu akasema, "Analia kwa furaha, masikini." Nikatamani kumtemea.

Halafu ukasema. Baba, wewe hujui sauti yako siku hizi. Ulidhani unazungumza. Ulitangaza! Kama treni inaingia! HAPA MLIPOWEKA MAJANI PALIKUWA NA CHOO. Treni ndogo zinazunguka, hakuna mtoto anayezitazama. KILIJAA KIKATEREMKIA KISIMANI, WATU WAKANYWA. MIMI NDIYE NILIKUWA MKUBWA HAPA. NILIANDIKA KIKO SAFI, SIKWENDA KUTAZAMA, NILIKUWA NAONA KINYAA. Mama mmoja wa shirika alikuwa ameinua kipande cha keki, kikabaki hewani, kisha akakirudisha kwenye sahani polepole, na sahani akaisukumia chini ya meza. Mwingine alitemea kitambaa. WAMEKUFA WANNE. MMOJA MKE WANGU.

Bwana Tai alikuwa anasema "asante mzee, asante mzee, asante sana mzee." Nimehesabu mara saba. Hukusikia hata moja. Yule mlinzi aliyekushika mkono hakuwa anakusalimia, alikuwa ametumwa akutoe. Wewe ukampa mkono, ukamshukuru, akachanganyikiwa, akakuitikia "karibu tena." Nilicheka. Nimecheka na kulia na kutaka kutapika kwa wakati mmoja, sijui mwili unatosha vipi.

Ulipita mita mbili kutoka nilipokuwa. Ulinitafuta kwa macho upande wa kulia, mimi niko kushoto. Ningeweza kukukimbilia. Sikukimbia. Nakuambia ukweli, nilikutazama ukienda na bado nilikuona ukitoka kile chumba kwa sababu umeambiwa utachafuka. Sijapita hapo na mimi. Sijui kama nitapita. Usije ukafikiri barua hii ni msamaha kwa kuwa ina shikamoo.

Kazi nimefukuzwa, jambo dogo, Mzee Gundi amesema ataniandikia barua ya sifa kama nitamwandikia mimi mwenyewe yeye asaini. Nimemwambia asisaini kitu asichokisoma. Majani yako pale pale, yamechanwa vizuri. Lakini nimepita leo nje ya ukumbi, na mlango umefungwa, umeandikwa "matengenezo."

Sasa linalonifanya niandike. Ulipogeuka kuondoka, kulikuwa na mama mfagizi amesimama na ufagio wake, ndiye pekee asiyeshika sahani. Alikuuliza, kwa sauti, mbele ya wote: "Na wale watatu wengine, mzee, walikuwa nani?" Wewe ulikuwa umeshampa mlinzi mkono. Hukusikia. Watu wakanigeukia mimi, kwa sababu Mzee Gundi alishawaambia mimi ndiye binti, na mimi nikafungua mdomo. Nimekata milango sita ya buluu, najua dirisha lako lina nondo ngapi na ipi imepinda, na sijui waliokufa pamoja na mama yangu walikuwa nani. Sikuwahi kuuliza. Nilitaka kujua wangu tu.

Nimeanza kota upya nyumbani, juu ya ubao wangu mwenyewe, vyumba vyote sita, na nyuma yake kila kitu mahali pake. Chumba cha kwanza nimekiwekea jina la mama. Vitano sijavigusa.

Usiniandikie rangi. Usiniandikie hatua. Anza na chumba cha pili: nani alikuwa analala humo?

Binti yako